Je, wajua kwa nini RAM mbili za GB 8 huishinda RAM moja ya GB 16?

Kijana mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, ambaye hurekodi harusi mwishoni mwa wiki na kucheza gemu za mpira usiku, aliniomba nimchagulie vipande vya kompyuta itakayofanya kazi zote mbili kwa fedha kidogo. Kadi ya grafiki, yaani kipande cha pekee cha kuchora picha za kwenye kioo, ilikuwa nje ya uwezo wake, kwa hiyo nilimchagulia prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, ambayo imebeba grafiki ndani yake. Kisha nikamshauri anunue RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, moja ya GB 16, ili sloti (nafasi ya kuichomekea) ya pili ibaki wazi kwa ajili ya siku atakapopata fedha nyingine. Ushauri huo haukuwa sahihi, na nauona unastahili kusahihishwa kwa kirefu kwa sababu bado unatolewa madukani kwa nia njema kabisa.

Nilikuwa naamini kwamba RAM hupimwa kwa ukubwa tu, kama pipa la maji: GB 16 ni GB 16, iwe imekaa katika kipande kimoja au imegawanywa katika viwili. Imani hii ni ngumu kung'oka kwa sababu kompyuta yenyewe haiipingi. Inawaka vizuri, Windows inaonyesha GB 16, programu ya kuhariri video inafunguka, na hakuna onyo lolote linalotokea kwenye kioo. Kasoro ilijitokeza gemu lilipoanza, picha zikawa zinakwama, huku prosesa ikionekana haijatumia hata nusu ya nguvu zake. Tulishuku joto, tukashuku umeme unaoyumba, tukashuku gemu lenyewe. Tulipoitoa RAM ile na kuweka mbili za GB 8, bila kugusa kitu kingine chochote, gemu lile lile likatulia. Ukubwa haukuongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni njia ya kuufikia.

Tuchukue ghala la dagaa pale Kibirizi, lenye magunia 1,600 na mlango mmoja unaopitisha wachukuzi wanane kwa mpigo, kila mmoja na gunia lake. Lori liko nje linasubiri. Ghala hilo likijengwa upya liwe kubwa mara mbili, mlango ukaachwa vilevile, lori halitajaa mapema zaidi, kwa kuwa wanaotoka ni wale wale wanane. Sasa tuyagawe magunia hayo katika maghala mawili yenye magunia 800 kila moja, na kila ghala liwe na mlango wake wa watu wanane. Magunia hayajaongezeka, lakini wanaotoka kwa pamoja sasa ni kumi na sita. Mfano huu unaeleza pia kwa nini tofauti haionekani mtu anapoandika barua: anayehitaji gunia moja tu hana faida na mlango wa pili.

Katika kompyuta, mlango huo ni njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 64, yaani baiti 8. RAM ya kizazi cha DDR4 yenye kasi ya 3200 huzipitisha baiti hizo mara milioni 3,200 kwa sekunde, ambayo ni sawa na GB 25.6 kila sekunde. Njia mbili zikifanya kazi kwa pamoja hufikisha GB 51.2. Kwa kulinganisha, kadi ya grafiki ya GTX 1650 yenye GDDR5 (aina ya kumbukumbu ya kadi za grafiki) ina kumbukumbu yake yenyewe inayopitisha GB 128 kwa sekunde, na kadi nyingine, RX 580, hufikia GB 256. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina ghala lake. Inachota mle mle inamochota prosesa, na mahitaji yake ni makubwa ajabu. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli (nukta za picha) 2,073,600, ambazo kwa fremu 60, yaani picha kamili 60, kwa sekunde ni zaidi ya pikseli milioni 124, na kila pikseli huguswa mara kadhaa kabla rangi yake ya mwisho haijapatikana.

Hata hivyo, kuongeza njia maradufu hakuongezi fremu maradufu, na kila gemu lina tabia yake. Mwenye kadi ya grafiki ya pekee atapata tofauti ndogo zaidi, pengine asiione kabisa. Kwa anayehariri video, ukubwa bado unatangulia: RAM mbili za GB 4 zina milango miwili lakini akiba haitoshi, hasa kwa video za 4K, kwa kuwa grafiki nayo hukata sehemu ya GB hizo 8.

Uwekaji nao una siri yake. Katika mbao mama (bodi kuu zinazobeba vipande vyote) nyingi zenye sloti nne, RAM mbili hukaa katika sloti ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Zikiwekwa jirani, mara nyingi huangukia njia moja, na mnunuzi hubaki na mlango mmoja licha ya kulipia miwili. Sisi ambao vipande vyetu husafiri takriban kilomita 1,250 za reli kutoka Dar es Salaam tuna sababu ya kuyajua haya kabla ya kuagiza. Mwenye kompyuta ya ofisini iliyotumika, ambayo aghalabu huja na RAM moja, anaweza kuongeza ya pili ya aina ile ile. Hata zikitofautiana ukubwa, kama GB 8 na GB 4, mashine nyingi za Intel huzitumia GB 4 kutoka kila kipande kwa njia mbili, na zinazobaki kwa njia moja.

Kuna dai jingine linaloenea sasa, kwamba RAM moja ya DDR5, kizazi kilichofuata DDR4, tayari ina njia mbili, hivyo ya pili haihitajiki. Sehemu ya kwanza ya dai ni kweli, ila kila njia kati ya hizo mbili ina biti 32 tu, na jumla yake ni zile zile 64: ghala lenye milango miwili ya watu wanne wanne.