Barua za Kuomba Vyeo Hazikuanza na Jackson

Wengi huamini kwamba desturi ya Wamarekani kumwandikia rais wakiomba vyeo ilizaliwa mwaka 1829, Andrew Jackson alipoingia madarakani na kuwagawia wafuasi wake nafasi za serikali. Sivyo. George Washington alianza kupokea maombi hayo hata kabla ya kuapishwa tarehe 30 Aprili 1789, na waombaji, wakiwamo maofisa wengi wa vita vya uhuru, walieleza utumishi wao, hasara walizopata na familia zilizowategemea, huku wakijitia haya (si zote za kweli, nadhani) kwa kulazimika kuomba. Jenerali Benjamin Lincoln aliomba, akapewa usimamizi wa ushuru wa forodha katika bandari ya Boston. Bushrod Washington, mtoto wa ndugu yake rais, alitaka uanasheria wa serikali kuu katika jimbo la Virginia, akanyimwa. Mary Katherine Goddard, aliyeondolewa katika usimamizi wa posta ya Baltimore, aliomba arudishwe, na ingawa wakazi zaidi ya 200 walimuunga mkono kwa saini zao, Washington alikataa kuingilia kati. Jipya la Jackson lilikuwa kutetea hadharani, mbele ya Bunge, ubadilishaji wa watumishi kuwa kanuni ya utawala.