Kuhama Timu Nyingi Si Dalili ya Kushindwa

Hapa Mtwara, mchezaji aliyetoka Ndanda akaenda Namungo ya Ruangwa, kisha akahamia kwingine tena, huambiwa vibarazani kwamba hatulii au kiwango kimemshuka. Kipimo hichohicho wengine humpimia mchezaji wa hoki ya barafuni anayezunguka timu za Amerika Kaskazini, nacho hakimfai hata kidogo.

Katika soka, mchezaji hahamishwi kabla ya yeye mwenyewe kukubaliana na klabu mpya. Katika ligi kuu ya hoki, NHL, klabu inaweza kumbadilisha kwa mchezaji mwingine, na mkataba wake ukamfuata huko aendako. Ridhaa yake huhitajika pale tu mkataba unapokuwa na kifungu cha kumlinda, kifungu ambacho kwa kawaida hupewa wenye majina makubwa. Wa kawaida hupigiwa simu tu, akafunga mizigo, na familia ikafuata baadaye.

Mike Sillinger wa Kanada alichezea timu 12 za ligi hiyo, na bado akafikisha mechi 1,049 kati ya mwaka 1990 na 2009. Msimu wake wenye mabao mengi zaidi, 32, ulikuwa wa 2005/06, ambao aliugawa kati ya St. Louis na Nashville. Mtu asiye na thamani haombwi na klabu 12. Aghalabu huachwa tu, akaangukia ligi za chini.