Banda la uani na kichochoro: yanayosemwa mitaani Mtwara na ukweli wake

Pesa za korosho zikishatoka, mafundi wa Mtwara hawashikiki. Magomeni, Chikongola, Chuno, kila mwenye ua anataka kuongeza vyumba viwili vitatu nyuma ya nyumba kubwa, mlango utazame kichochoro, ampangishe mwanafunzi au amweke kijana wake aliyeoa juzi. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Linaloniumiza ni maneno ninayoyasikia kabla msingi haujachimbwa.

"Uani ni kwangu, kibali cha nini?"

Kiwanja ni chako kwa hati, lakini ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na hati ina masharti. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka idhini kabla ya kuendeleza ardhi kwenye eneo la mipango miji. Haikuiacha nje nyumba ya nyuma. Unapeleka halmashauri ramani ya jengo na uthibitisho wa umiliki, nao wanaangalia majengo yatakula kiasi gani cha kiwanja na nafasi utakayoacha hadi mpakani. Wengine husema ng'ambo watu hujenga wapendavyo. Jiji la Vancouver, Kanada, liliruhusu vijumba vya uani vinavyotazama vichochoro mwaka 2009, tena kwa kibali na vipimo, na mwenye kiwanja hakuruhusiwa kukiuza kijumba peke yake.

"Mwenyekiti wa mtaa kashaniruhusu."

Mwenyekiti anakutambua, anaweza kukuandikia barua. Kibali cha ujenzi hakitoki kwake.

"Kichochoro hakina mwenyewe."

Hapa ndipo penye madhara makubwa. Kichochoro kilichochorwa kwenye mpango wa mtaa ni njia ya umma, na jirani yako hana uwezo wa kukupa kipande chake hata mkielewana. Kwenye maeneo yanayorasimishwa, yaani yaliyojengwa kabla ya kupimwa, wakazi wenyewe hukaa na kukubaliana kuacha njia, kila mmoja akatoa kidogo. Anayesogeza ukuta hatua moja anawala wote waliotoa.

Mtaani kwetu walisogeza watu watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema kilichobaki kinatosha. Siku tuliyomzika mzee wa nyumba ya mwisho, jeneza halikukata kona. Tulilinyanyua juu ya ukuta wa bloku, wengine wakalipokea upande wa pili, wanawe wakiwa wamesimama wanatazama. Tangu hapo, kila nipitapo pale hupima kwa macho.

Na mvua nayo ina haki yake kwenye njia ile. Ukiziba, maji ya masika huingia ndani kwa mwenzako. Halmashauri ikipiga alama ya X, unabomoa mwenyewe, na fidia ya ukuta uliosimama njiani ni vigumu kuidai.

"Likiisha nitamuuzia mpangaji."

Hati ni moja, kiwanja kimoja. Kuuza banda kunataka kwanza kiwanja kigawanywe kwa idhini na kupimwa upya, na viwanja vingi vya uswahilini havina ukubwa wa kugawika. Karatasi mliyoandikiana mbele ya mashahidi itawagombanisha watoto wenu.

"Choo tutachimba popote."

Mchanga wetu wa pwani hunywa maji upesi, na uchafu huenda nayo. Kipimo kinachofuatwa sana ni mita 30 kati ya shimo la choo na kisima, na kisima cha jirani kinahesabiwa vilevile. Ua mwingi hauna mita hizo. Basi unganisha banda na shimo la nyumba kubwa kama bado lina nafasi, ulijengee mfuniko unaofunguka, na uache upenyo ambao mpira wa gari la kunyonya majitaka utapita kutoka barabarani.