Klauni hafi kwa kukosa anemoni

Ujumbe umeingia tena, safari hii kutoka Iyunga, hapa Mbeya: "Shikamoo fundi. Nimepata klauni wawili na anemoni wao, wanafika kesho na basi la Dar. Tangi nimeshalijaza maji. Nimechukua wote pamoja maana nasikia klauni bila anemoni anakufa." Klauni ni samaki mdogo wa baharini, na anemoni ni mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, ambaye klauni hujificha ndani yake. Nimempigia simu palepale. Lakini swali hili limenijia mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa kwa kirefu.

Klauni hafi kwa kukosa anemoni. Baharini, kweli, bila anemoni hana maisha. Ni samaki mdogo, si mwogeleaji hodari, na mwambani chewa wanamsubiri. Minyiri ya anemoni inachoma, adui hasogei, klauni anajificha katikati yake. Anachopata pale ni ulinzi. Sebuleni kwako anawindwa na nani? Klauni wengi wanaouzwa siku hizi wamezaliwa kwenye matangi na hawajawahi kumwona anemoni. Wanakula, wanakua, wanataga mayai kwenye kipande cha kigae. Wawili wanatosha: wote huanza wakiwa madume, mkubwa atageuka jike. Usiongeze wa tatu, watampiga.

Anemoni naye anaweza kuishi bila klauni. Ananufaika naye, sikatai. Uchafu wa samaki unalisha mwani ulio ndani ya mwili wa anemoni, na klauni anawafukuza samaki wanaomdonoa. Ila tangini mwani huo unaishi kwa taa yako, na wa kumdonoa hayupo usipomweka wewe.

Kinachoniumiza ni kwamba mtu anamnunua anemoni kwa kumhurumia samaki, halafu anayekufa ni anemoni. Klauni anavumilia makosa mengi ya mgeni. Anemoni havumilii. Anataka tangi lililokomaa, miezi sita kwa uchache, na mimi husema mwaka. Na simaanishi tangi ambalo amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zimeshuka sifuri wiki iliyopita. Nasema tangi ambalo chumvi, joto na nitrati havijayumba kwa miezi. Anataka taa yenye nguvu ya kufugia matumbawe. LED nyeupe ya dukani inamfanya aonekane vizuri huku mwani wake unakufa njaa. Na anatembea. Asipopapenda mahali anaachia mguu na kwenda, usiku mara nyingi, na pampu ya mawimbi isiyofunikwa sponji itamkata vipande. Akioza ndani ya tangi, amonia inapanda kwa saa chache na klauni wako wanamfuata.

Ndiyo maana nasema mkague kabla hujatoa hela. Anemoni mzima minyiri yake inanata kwenye kidole. Mdomo wake umefumba. Mguu umeshika jiwe au kioo, hauna jeraha. Mdomo ukiwa wazi umelegea, achana naye hata akipunguzwa bei mara tatu. Akinywea kwa saa kadhaa si lazima awe anakufa, anatoa uchafu na atajaa tena. Anayekufa utamjua kwa harufu. Na yule mweupe pee anayesifiwa kuwa "aina adimu" si aina. Amepoteza mwani wake, ana njaa. Wale wa njano kali sana mara nyingi wamepakwa rangi. Muuzaji aliyeniambia kwamba weupe ndio uzuri wake alinikasirisha, na sijanunua kwake tena.

Sasa hoja ya "marafiki wa asili", ile ya wauzaji kwamba klauni na anemoni wanaowauza pamoja ndivyo wanavyoishi baharini. Yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe, ambaye watoto wote wanamjua kwa katuni, ni Amphiprion ocellaris. Hayupo pwani yetu. Ni wa mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Huko hukaa kwa anemoni wa aina tatu, Heteractis magnifica, Stichodactyla gigantea na Stichodactyla mertensii, na wote hao ni wakubwa na wagumu kufuga. Anemoni anayeuzwa zaidi kwa wafugaji wa nyumbani ni Entacmaea quadricolor, mwenye ncha zilizovimba, ambaye ocellaris kwa kawaida hakai naye baharini. Tangini wengi humkubali. Wengine hawamjali kabisa, wanahamia kwenye tumbawe au nyuma ya hita. Klauni wa kwetu ni akina Amphiprion akallopisos, mwenye mstari mweupe mmoja mgongoni, na Amphiprion allardi. Huyu allardi ndiye ambaye quadricolor ni makazi yake hasa. Kwa hiyo "jozi ya asili" uliyouziwa mara nyingi imepangwa na muuzaji.

Wakikubaliana pia kuna shida. Klauni jike mkubwa kwa anemoni mdogo ni mateso: anamsugua na kumvuta mchana kutwa, anemoni anashindwa kufunguka na anapungua. Nataka anemoni aliyefunguka awe walau mara mbili ya urefu wa samaki. Na namna klauni anavyokwepa kuchomwa bado wataalamu wanabishana. Wote wanataja ute wa ngozi yake, lakini wapo wanaosema anazaliwa nao na wapo wanaosema anauzoesha kwa kujigusisha kidogo kidogo, na huenda inategemea aina. Kwa sababu hiyo simsukumi samaki kwa wavu kumwelekeza kwa anemoni. Napunguza taa, naondoka. Wapo wanaobandika picha ya anemoni kwenye kioo ili klauni amzoee; sijaona sababu ya kuamini kwamba inasaidia.

Mbeya ina mambo yake, na maelekezo ya mtandaoni hayayataji. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa shinikizo hilo la hewa, maji yaliyoshiba oksijeni yanabeba pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko maji hayohayo yakiwa Dar. Maji ya chumvi yanabeba kidogo kuliko ya ziwa, na kadiri unavyoyapasha ndivyo yanavyozidi kupungukiwa. Tikisa uso wa maji kwa nguvu. Juni na Julai usiku wa Uyole unashuka chini ya nyuzi 10, nawe unatakiwa kushika 25 hadi 27, kwa hiyo umeme ukikatika watu wanahangaikia hita. Anza na pampu ya hewa ya betri. Lifunike tangi blanketi baadaye. Kukosa hewa kunaua haraka kuliko baridi. Kiangazi maji yanapopungua ongeza maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haipai. Kipimo cha chumvi, yaani uzito wa maji yako ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, kibaki 1.025 au 1.026. Chumvi ya mezani haina magnesi wala kalsi ya kutosha, hilo tulimalize.

Wanaofuga mbuna, samaki wa Ziwa Nyasa, nao ni wengi hapa kwetu, ndio wanaokuja na haraka zaidi, kwa kuwa mbuna ni mgumu, anastahimili. Anemoni hafanani naye.

Na kuna yule wa baharini ambaye hatumwoni. Anemoni aking'olewa mwambani, klauni waliokuwa wakiishi kwake wanabaki wazi na kuliwa. Mtu aliyenunua kwa huruma ya samaki amewaua samaki wengine. Mimi naagiza quadricolor tu, kwa sababu hujigawa mwenyewe tangini na wafugaji wanagawiana vipande. Mwenye kuuza akishindwa kusema katoka wapi, sinunui. Kipande kikifika, acha kijichagulie mahali, usikilishe mpaka mdomo uwe umejiunda vizuri, kisha anza na kipande kidogo cha kamba mbichi asiye na chumvi, mara moja kwa wiki. Kikubwa atakitema.