Dawa za Usingizi na Mtoto Aliye Tumboni

Kina mama wanaokuja kwenye dirisha langu la dawa hapa Kisumu huniuliza: "Daktari, hii itamlemaza mtoto?" (Sisi wafamasia pia huitwa daktari.) Hofu hiyo ina msingi. Thalidomaidi iliuzwa Ujerumani kuanzia 1957 kama dawa ya kuleta usingizi, na kufikia ilipoondolewa sokoni 1961, maelfu ya watoto walikuwa wameathirika, wengi mikono na miguu yao mifupi mno. Tangu hapo mtoto akizaliwa tunahesabu vidole. Vikitimia, tunapumua.

Mimi naogopa zaidi kisichohesabika siku hiyo. Fenobabitali, dawa ya kifafa iliyotumiwa pia kuleta usingizi, na diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza seli za ubongo wa mtu mzima. Kwa kijusi mambo ni kinyume: seli zake changa zimejaa kloridi, hivyo GABA huzisisimua, na msisimko huo husaidia kila seli kuhamia mahali pake na kuunganika na nyingine. Mama anatafuta usingizi, kumbe dawa imevuka kondo na kuingilia ujenzi.

Katika maabara, watoto wa panya waliopata diazepamu tumboni huonekana wazima, kisha wakikua hushtuka tofauti na wenzao na huchelewa kujifunza. Kwa binadamu, utafiti uliochapishwa 1995 ulipima wanaume wa Denmark ambao mama zao walimeza fenobabitali wakiwa wajawazito. Alama zao za akili, hasa za lugha, zilikuwa chini kwa takriban 7. Waliolelewa katika umaskini waliumia zaidi, jambo ambalo kwetu halifai kupitwa haraka. Kuhusu diazepamu ushahidi una utata: ndugu wa mama mmoja wakilinganishwa, aliyepata dawa tumboni na asiyeipata, tofauti mara nyingi hupungua.

Chang'aa, pombe yetu kali, nayo hupita njia hiyohiyo ya GABA, na madhara yake yamethibitishwa zaidi.

Mwenye kifafa, tafadhali usiache fenobabitali ghafla. Degedege lisilokoma linaweza kuwaua wote wawili. Nenda kliniki upangiwe dawa na dozi, ikiwezekana kabla ya kushika mimba. Na ukijifungua ukiwa bado unaimeza, mwambie mkunga: mtoto anaweza kulegea na kushindwa kunyonya, au akaanza kutetemeka na kulia bila kutulizika siku kadhaa baadaye, mkiwa mmesharudi nyumbani. Akifanya hivyo mrudishe hospitalini, na ubebe pakiti ya dawa.