Sekta inayosubiri: maana yake, na cha kufanya diski inapoitaja

Jirani yangu hapa Uyole anapiga picha za harusi na kipaimara. Picha zake zote zinakaa kwenye kisanduku chenye diski mbili, kimeunganishwa na ruta sebuleni, kila kompyuta ya nyumbani inazifikia. Msimu wa mvua uliopita umeme ulikatika usiku, na kesho yake taa ya kisanduku ikawa ya njano. Akafungua ukurasa wa afya ya diski, akakuta: sekta zinazosubiri, 8. "Fundi, ndiyo imekufa?"

Haikuwa imekufa. Neno hilo linatisha kuliko maana yake.

Sekta ni kipande kidogo kabisa cha diski kinachosomwa au kuandikwa kwa mara moja. Zamani kilikuwa baiti 512. Diski nyingi za leo zina vipande vya baiti 4,096 ila huvihesabu kwa kipimo cha zamani, ndiyo maana idadi mara nyingi hupanda kwa nane nane. Kila sekta hubeba data pamoja na alama za kuihakiki. Diski ikisoma na hesabu ikakataa, hurudia tena na tena. Ikishindwa kabisa, sekta ile huandikwa kuwa inasubiri.

Inasubiri nini? Fikiria daftari la madeni la muuza duka ambalo paa limelivujia. Mstari mmoja hausomeki. Haufuti, maana deni la mtu limo humo. Anauacha mpaka siku atakapoandika upya juu yake. Karatasi ikipokea wino, mstari umepona. Ikichanika, anahamishia deni kwenye kurasa za akiba nyuma ya daftari. Diski hufanya vivyo hivyo: sekta ikiandikwa upya vizuri, idadi inayosubiri hupungua na hakuna kilichoharibika, ikikataa, diski huchukua sekta ya akiba na hesabu nyingine, ya sekta zilizohamishwa, hupanda.

Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, sekta isiyo na ubovu wowote inaweza kubaki na maandishi nusu yasiyosomeka. Kwa nyumba zetu za Mbeya, miezi ya mvua, hilo si jambo la ajabu. UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, ya kukupa dakika chache za kuzima kisanduku kwa utaratibu ina faida kuliko diski ya bei kubwa.

Kwenye orodha ya SMART, yaani kumbukumbu ambayo diski hujiandikia yenyewe, tazama namba 5 (zilizohamishwa), 197 (zinazosubiri) na 199. Hii ya mwisho huwaponza wengi. Inahesabu makosa ya njiani, kati ya diski na bodi, na mara nyingi kosa ni waya au diski haijakaa vizuri kwenye nafasi yake. Nimeona mtu akitupa diski nzima kwa sababu ya waya, na iliniuma. Hesabu ya 199 haishuki hata ukitengeneza, kwa hiyo iandike, kaza au badilisha waya, kisha tazama kama inaongezeka.

Kabla ya kupima chochote, nakili data kwenye diski nyingine ya nje. Hapa nasisitiza sana. Kipimo kirefu husoma diski nzima kwa saa nyingi, na diski iliyochoka inaweza kufia humo. Ukisikia inagonga tik-tik, zima, usipime kabisa. Na diski mbili zinazoigana si nakala rudufu: ukifuta picha upande mmoja, imefutika kote.

Kwa jirani tulinakili picha kwanza, tukaagiza kisanduku kikague data yote. Kikisoma sekta isiyosomeka, huchukua data ile kwenye diski pacha na kuiandika upya mahali pale. Ilichukua usiku mzima. Asubuhi 197 ilikuwa sifuri, na namba 5 sifuri vilevile. Ile ya 5 ingepanda, na wiki iliyofuata ikapanda tena, ningemwambia aagize diski mpya bila kungoja. Sasa anaitazama kila Jumamosi kabla ya kuondoka kwenda kwenye harusi, na UPS ameshainunua.