Praima si rangi ya kwanza

Juzi tena. Kijana mmoja alinitumia picha ya modeli yake ya plastiki ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ya 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), kipimo kile kile ambacho Airfix, watengenezaji modeli wa Uingereza, walitolea Spitfire yao ya kwanza mwaka 1953 na ambacho wengi bado huanzia. Kazi safi: viungo vimekaa, gundi haikuvuja popote. Lakini alipobandua utepe wa kuzibia ili aone mpaka wa kamaflaji, yale mabaka ya kujifichia, rangi ya bawa la kushoto ilitoka nao, kipande kizima, kama ganda la yai lililochemshwa. Nikamuuliza alipiga praima gani.

“Nilipiga, kaka. Nilianza na nyeupe.”

Nyeupe ipi? Akanitumia picha ya kopo. Rangi nyeupe ya kung'aa, ya kupulizia, ya matumizi ya nyumbani. Haikuwa praima. Ilikuwa rangi nyeupe.

Praima ni kile kinachopakwa juu ya kitu kitupu ili kikishike, kisha kiipe rangi itakayofuata mahali pa kushika. Ni hilo tu. Kazi yake ni kushika pande mbili, chini na juu. Kwamba hutangulia ni kweli, ila kutangulia si kazi yake.

Najua kosa linakotoka. Neno limetujia kutoka Kiingereza, na ukilifuatilia nyuma utaambiwa linahusiana na primus ya Kilatini, yaani -a kwanza. Mtu akisikia hivyo anaona amemaliza: praima ni rangi ya kwanza, basi rangi yoyote nitakayoanza nayo ni praima. Lakini tazama Waingereza wenyewe walivyolitumia. Kitenzi chake, prime, walikitumia kwa baruti kidogo iliyotiwa kwenye bunduki za kale kabla ya kufyatua, na hadi leo wanakitumia kwa maji yanayomiminwa ndani ya pampu ili ianze kuvuta. Maji hayo si ndoo yako ya kwanza. Huyanywi, huyahesabu. Ni yale yanayoiwezesha pampu kukupa ndoo ya kwanza. Praima ya rangi iko vivyo hivyo.

Na sisi tulilielewa hili zamani. Neno la ukoo huo huo, primary, lilipotufikia kwenye elimu, hatukusema shule ya kwanza. Tulisema shule ya msingi. Kama ingewezekana ningeiita praima rangi ya msingi na mjadala ungeisha hapo, ila jina hilo lina mwenyewe: rangi za msingi ni nyekundu, njano na bluu, kila aliyepita darasani anazijua. Kwa hiyo nabaki na praima, kama wasemavyo mafundi.

Neno rangi nalo lina mchango wake. Tulilipata kwa Waajemi, rang, nasi tukalibebesha mizigo miwili: kile jicho linachoona, na kile kilichomo ndani ya kopo. Wekundu ni rangi, na uji mwekundu wa dukani ni rangi. Ndiyo maana mtu husimama kaunta akauliza “praima ya rangi gani?” kabla hajauliza ni ya kupakwa kwenye nini. Fundi wa mageti hana shida hii. Akimaliza kuchomelea hupiga redi oksaidi, ile nyekundu ya udongo, wala mwenye nyumba aliyeagiza geti jeusi hamwambii amekosea. Wote wawili wanajua nyekundu ile haikuwekwa ili ionekane. (Wanaounda modeli za vifaru vya Wajerumani vya Vita vya Pili vya Dunia huiacha ichungulie kwa makusudi pale rangi ya juu ilipokwaruzika, kwa sababu vifaru halisi vilipakwa praima nyekundu kiwandani. Tamiya, watengenezaji modeli wa Japani, wana praima ya kopo ya rangi hiyo.)

Kile ambacho kijana alikuwa nacho kichwani ni andakoti. Andakoti kazi yake kweli ni rangi: kufunika kilicho chini na kuipa rangi ya juu mwanga wake. Njano juu ya plastiki ya kijani kibichi itakula mkono juu ya mkono na bado itaonekana chafu. Juu ya nyeupe, mikono miwili mitatu inatosha. Nyekundu juu ya kijivu hufifia, juu ya waridi hukolea. Rangi ya fedha ya kung'aa hutaka nyeusi ya kung'aa chini yake. Haya yote ni ya kweli na ni muhimu, ila hayahusu kushika.

Kipo na cha tatu, cha kujaza mikwaruzo, tuseme puti nyembamba ya kupulizia. GSI Creos wa Japani wanaiuza kwa jina la Mr. Surfacer na namba: 500, 1000, 1200, 1500. Zisome kama za msasa. Namba ndogo ni nzito, huziba mikwaruzo mikubwa. Kubwa ni laini. Kampuni hiyo hiyo ina kopo jingine liitwalo Mr. Primer Surfacer, na jina hilo refu si madoido. Linakuambia kwamba humo kuna kazi mbili.

Swali la dukani basi ni: ishike nini? Hapa ndipo wengi huharibu modeli kwa nia njema. Wanaambiwa watafute “praima ya plastiki”, wanaenda kwenye maduka ya rangi za magari, wanaipata, imeandikwa hivyo hivyo. Lakini plastiki ni ukoo, si mtu mmoja. Bampa nyingi ni za jamii ya polipropilini, ambayo karibu hakuna rangi inayoishika bila msaada, na praima yake mara nyingi hubeba viyeyusho vikali kama toluini na zailini. Modeli yako ni polistirini. Toluini huiyeyusha polistirini. Utapulizia, na mistari myembamba inayoonyesha viungo vya mabati ya bawa italainika mbele ya macho yako.

Praima ya laka iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli nayo ina viyeyusho, ila kwa kipimo: hulainisha ngozi ya plastiki kidogo, kisha hukauka ikiwa imeng'ata. Za maji, kama Surface Primer ya Vallejo, haziumi. Hutanda juu kama ngozi. Kwa hiyo zinadai plastiki iliyooshwa kwa sabuni, maana huwa imetoka kiwandani na mafuta ya ukungu wa kufinyangia, na zinadai subira kabla ya kugusa msasa, la sivyo zitavutika kama mpira. Hata kampuni moja haina jibu moja. Makopo ya rangi ya Tamiya yenye TS ni ya polistirini. Yenye PS ni ya polikaboneti, yale mabodi ya magari ya rimoti yanayopakwa kwa ndani. Tofauti ni herufi moja, na mwenye haraka haioni.

Kwa walio pwani, neno moja: laka usiipulizie mvua ikinyesha. Kiyeyusho kikiruka hupoza uso, unyevu hutua juu yake, na rangi hupata ukungu mweupe.

Nilimwambia kijana asitupe kitu. Abandike utepe sehemu moja moja, aubandue taratibu. Palipotoka, asugue kwa msasa wa 1000, aoshe, akaushe, apulizie praima ya modeli mkono mwepesi. Palipokataa kutoka, apaache. Na ile nyeupe yake haikuwa kosa. Tumbo la Spitfire yake linakusudiwa kuwa kijani kilichopauka, na kwa rangi hiyo nyeupe ni andakoti nzuri. Ilikosa tu cha kukalia.